Gauni la Chiriku

Shuleni,
4 Februari

Kwa Mzazi wa Mwanafunzi,

YAH: MWENENDO WA BINTI YAKO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa darasa la binti yako na pia ninamfundisha hesabu. Katika wiki za karibuni imebainika kwamba mwanafunzi huyu hashiriki darasani ipasavyo, amejitenga na wenzake, na anaonyesha dalili za matatizo ya kisaikolojia. Hivyo unaombwa kufika ofisini kwangu siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, bila kukosa.

Barua hii nimemkabidhi yeye mwenyewe akuletee.

Wako katika elimu,
Mwalimu wa Darasa


Kibandani kwangu,
6 Februari

Mwalimu,

Salamu. Barua yako imefika. Aliileta mwenyewe, kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya moto, akasimama hapo kunitazama nikisoma. Nilipoona "mwenendo" nikajua tayari kuna mvulana. Niliposhuka chini nikakutana na "kisaikolojia". Neno hilo mimi nalisikia redioni tu, ikabidi nimuulize fundi simu aliyepanga upande wa pili wa kibanda. Akanieleza kwamba ni mambo ya kichwa. Alinieleza kwa sauti, na wateja walikuwepo.

Sasa nisikilize. Kwetu hakuna mwendawazimu, upande wangu wala upande wa marehemu baba yake. Mtoto huyu tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa anaongea mpaka usingizini. Kama sasa amepunguza maneno, basi amekua. Msichana akikua anatulia, wewe ni mwanamume huwezi kujua. Mimi ni fundi cherehani, binti yangu namvalisha kwa mkono wangu. Simama mstarini asubuhi uniambie ni mtoto gani hapo shuleni ana gauni linalomkaa kama la wangu. Mtoto mwenye matatizo anatoka nyumbani hivyo?

Ijumaa siwezi kuja. Sare za watu zimejaa mpaka mlangoni na cherehani moja imeanza tabia ya kukata uzi. Chiriku nimemwambia abaki siku hizi mbili anisaidie kushona vifungo, na huku afikirie kwa nini mama yake anaandikiwa barua.

Mama Chiriku


Shuleni,
9 Februari

Dada,

Shikamoo. Najua nikikuandikia bila kuomba kitu utafikiri naumwa, kwa hiyo naomba. Wewe ni muuguzi, umezeekea kwenye wodi ya wagonjwa wa akili (samahani kwa hilo la kuzeeka), na mimi nimeharibu jambo ambalo wewe ungeliweza.

Kuna msichana darasani kwangu. Alikuwa na mdomo, Dada. Nikikosea hesabu ubaoni yeye ndiye wa kwanza kusema, na darasa zima linacheka, na mimi nacheka nao kwa shingo upande. Tangu mwaka jana mdomo ule umefungwa. Chakula cha mchana anawagawia wenzake, na anafanya hivyo kwa heshima kabisa, kama mwenyeji anayekaribisha wageni. Kilichonishtua kwanza ni viatu. Gauni lake ni nadhifu kuliko yote, lakini kiatu cha kulia kimeachia soli, mvua ikinyesha soksi inalowa. Nikamuuliza mbona hakishonwi. Akasema baba yake atakishona.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Alifariki mwaka jana.

Wiki iliyopita alibaki kunifutia ubao. Akaniuliza mtu akichoka kuwepo anafanya nini. Nikamwambia anapumzika, anakunywa maji. Akacheka kidogo ili nisione aibu. Kisha akasema, huku ananipa mgongo, kwamba yeye anatamani alale asiamke, na kwamba nisimwambie mama. Nikasema sawa.

Nilisema sawa, Dada, halafu nikaingia ofisini nikamwandikia mama yake barua ya kiofisi. Kile alichoniambia sikukitia. Nakala ya barua yangu na majibu ya mama yake nakuambatanishia usome mwenyewe. Nifanye nini?

Mdogo wako


Hospitali,
12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Uzee wangu tutauzungumza siku nyingine.

Nimeisoma nakala ya barua yako. Umemwandikia mama wa watu kama unayemkumbusha kulipa bili ya maji. Unamtajia dalili kabla hujamtajia mtoto wake. Hakuna mahali uliposema kwamba unampenda huyo msichana, na mimi nimejua kwa sababu ya habari ya ubaoni. Mama hakuambiwa hiyo. Yeye kaambiwa kwamba kashindwa kulea, mbele ya wateja, na barua kaibeba mtoto mwenyewe. Na mtoto naye njia nzima alikuwa akijiuliza umeandika nini.

Anza upya. Mweleze ulichokiona kwa macho, kimoja kimoja, bila kukipa jina la ugonjwa. Jina ni kazi yetu huku. Kisha muulize yeye anaona nini nyumbani, na usubiri jibu. Mfuate kazini kwake. Mtu anayeishi kwa cherehani humwiti ofisini saa nne ukategemea aje.

Na ile "sawa" uliyomwambia mtoto huwezi kuishika. Ukimya wa namna hiyo hauahidiwi. Lakini mwambie yeye kwanza kwamba utasema, na kwa nini, kabla hujasema. Ukimruka atakuona kama wengine wote. Usikawie. Nitawawekea nafasi kwa daktari, mlete siku yoyote.

Dada yako


Shuleni,
15 Februari

Mama Chiriku,

Habari za kazi. Naomba radhi kwa barua ya kwanza. Niliandika kama karani, na neno lile sikupaswa kulituma mahali ambapo wewe upo na watu.

Ningeanza hivi. Binti yako ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kunisahihisha mara tatu katika kipindi kimoja, na mara zote alikuwa sahihi. Nilikuwa nalalamika ofisini, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikiandaa somo nikimfikiria yeye. Sasa nakosea makusudi, naye ananitazama tu. Nimeikumbuka sauti yake.

Nilichokiona ni hiki. Wenzake wakienda kucheza yeye anabaki kwenye dawati, kichwa juu ya mikono. Chakula chake cha mchana anakigawa. Kiatu chake cha kulia kimeachia soli, na nilipomuuliza alisema baba yake atakishona. Sijui maana yake ni nini. Wewe ndiye unayemjua. Nyumbani unaona nini?

Kuna jambo lingine, si la kuandika. Ningependa kuja kibandani kwako tuzungumze. Nina koti limenibana kwapani, nitalileta, wateja wako wasiwe na la kusema.

Mwalimu wa Chiriku


Kibandani,
20 Februari

Mwalimu,

Hii ndiyo barua ungeanza nayo. Nimeisoma nikiwa nimempa fundi simu mgongo.

Habari ya kiatu imenichoma. Mimi namshonea kila kitu kuanzia shingoni hadi pindo, chini ya pindo sikutazama. Nilimwambia avivue nimpelekee fundi, akavikumbatia kifuani kama mtoto mdogo. Nikaacha.

Nitakueleza, maana umeuliza kwa adabu. Kibanda chetu kilikuwa na pande mbili. Mimi na cherehani dirishani, mume wangu na viatu vyake mlangoni. Chiriku akitoka shule anakaa katikati, anatusimulia siku nzima, wewe pamoja na makosa yako. Baba yake anapiga nyundo, na kila akipiga anaitikia "ehe". Alipofariki sikuweza kukaa na ule upande. Mtoto akiwa shuleni nikakusanya vifaa vyote, nyundo, shazia ya kushonea soli, mpaka kigoda, nikampa fundi viatu mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Nikapangisha. Chiriku aliporudi akamkuta mtu anauza vioo vya simu. Hakulia, na mimi nikashukuru. Tangu siku hiyo jina la baba yake halitajwi humu ndani. Tulikubaliana hivyo bila kukaa kukubaliana. Nilijua tukimtaja mimi nitaanguka, na nikianguka nani atakanyaga hii cherehani.

Lakini kula anakula. Anapenda kwenda na sahani yake uani, na inarudi tupu. Kukonda amekonda kidogo, ni kweli, wasichana wa umri huo wanarefuka kwanza. Gauni lake mimi nalibana tu. Nililibana kiunoni shule zilipofunguliwa, nikalibana tena mwanzoni mwa mwezi huu, na juzi nimeingia mabegani. Wala situmii futi, mtaa mzima unajua mimi nashona kwa jicho. Anasimama kanipa mgongo, nabana kwa vidole, natia pini, basi. Akilivaa utafikiri ameshonewa akiwa ndani yake. Wenzangu wanauliza siri yangu.

Njoo, lakini wiki mbili zijazo, sare zikishaondoka hapa. Hilo jambo la kutoandikika litangoja. Koti lilete.

Mama Chiriku


Shuleni,
21 Februari

Mama Chiriku,

Barua hii anakuletea mlinzi wa shule. Nimemwambia asiondoke mpaka umeisoma. Mimi nakuja nyuma yake, namsubiri tu mwenzangu ashike darasa langu.

Unasema gauni linamkaa. Na mimi kila asubuhi nilikuwa namwona mstarini, najisemea huyu yuko sawa, si unaona alivyovaa. Kumbe wote wawili tulikuwa tunaangalia gauni. Tafadhali chukua futi. Mpime leo kama mteja ambaye hujawahi kumwona, na umpime bila gauni.

Jambo nililokuficha ni hili. Aliniambia anatamani alale asiamke. Aliniomba nisikwambie nikakubali, ndiyo maana barua zangu zote mbili zilikuwa zinazunguka. Nilikuwa nimepanga leo asubuhi kumweleza kwamba siwezi kunyamaza, lakini leo hakuja shule. Nimeona heri anikasirikie.

Kama yuko hapo nyumbani, usimwache peke yake na usimgombeze. Kaa naye. Ukikosa la kusema, mtaje baba yake. Dada yangu ni muuguzi, anatungoja hospitali leo hii.

Mwalimu


Wodini,
17 Machi

Mwalimu,

Siandiki kukushukuru. Huko sijafika bado. Naandika kwa sababu dada yako ameniambia niandike, na siku hizi akisema fanya, nafanya.

Siku ile hukukuta mtu kibandani kwa sababu nilikuwa natembea barabarani na futi shingoni. Hakuwepo nyumbani. Asubuhi nilimuaga akiwa na gauni lake na begi, nikajua yuko kwenu. Niliposoma kwamba hakufika nilitoka nje, mlinzi wenu akanifuata. Tuliuliza kisimani, tukauliza kituoni. Tulimpata mahali ambapo sikuwa na akili ya kuanzia. Alikuwa amekaa chini nyuma ya banda la yule fundi viatu, mgongo ukutani, macho kayafumba. Fundi akasema huyu mtoto huja mara nyingi, ameshamkaribisha ndani mpaka amechoka, anakataa, anakaa nyuma ya bati. Nyundo inayopigwa ndani ni ya baba yake. Alikuwa anaisikiliza.

Nilimpima jioni ile chumbani kwetu, kabla hatujaja huku hospitali. Futi ikamzunguka kiunoni, ncha ikakutana na mwenzake ikapita, ikaendelea kupita. Nikafikiri nimeishika vibaya. Nikapima tena. Nikapima mkono, karibu na bega, nikashindwa kuendelea. Mwalimu, hivi vidole vilikuwa vinagusa mifupa ya mwanangu kila nilipombana lile gauni, na nilichokuwa nafikiria ni mshono. Nilikuwa najisifu. Kila alipopungua nilimfuata na sindano, ili dunia isione, na mimi nisione. Chakula cha uani walikula kuku wa jirani. Nilikuwa nawasifia kuku hao kwa kunenepa.

Hapa wanamlisha kidogo kidogo na kuna daktari anayezungumza naye kila siku mlango umefungwa. Siambiwi wanachosema, na dada yako anasema nizoee. Siku ya kwanza dada yako aliniita ukumbini akaniuliza, tangu mume wako afariki, nani amelia ndani ya nyumba yenu. Nikamwambia hakuna. Nilirudi kitandani kwa mtoto nikakusudia kumwambia ale, nikajikuta nasema baba yako aliogopa mende, unakumbuka. Nikalia hapo hapo, mbele ya wagonjwa. Chiriku alinitazama akasema, "Mama, kumbe na wewe?" Hilo ndilo ninaloamka nalo. Mwaka mzima alifikiri anamlilia peke yake.

Gauni nimelifumua. Mishono yote niliyobana nimeiachia. Kile kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani hakikupauka, kina rangi ya siku nilipolikata, kwa hiyo sasa limekuwa na michirizi mbavuni na mabegani, mtu yeyote akilitazama ataona lilikuwa dogo kiasi gani. Ningeweza kukata jingine. Sitaki. Limetundikwa kwenye msumari karibu na kitanda chake nyumbani, linamngoja.

Koti lako liko tayari, lakini ukija kulichukua nitakupima kwa futi kwanza. Napima kila mtu sasa. Wateja wa zamani wananicheka, wanasema jicho limeisha.

Huku wodini usije. Chiriku hataki kukuona, na mimi simlazimishi.

Mama Chiriku


Nyumbani,
2 Mei

Mwalimu,

Shikamoo.

Barua uliyoniandikia mimi ya kuomba radhi mama alinipa wiki iliyopita. Hakuifungua. Nimeisoma mara kadhaa. Kuna mahali umeandika kwamba ungenikosa kabisa kama usingesema. Daktari anasema hivyo hivyo, dada yako anasema hivyo hivyo. Nimeelewa. Lakini ungeniambia kwanza. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia, nilikuchagua wewe kwa sababu unakosea ubaoni na hukasiriki. Watu walipokuja kunitoa nyuma ya banda, mama ana futi shingoni na mlinzi wa shule anahema, nilijua hapo hapo ni nani aliyesema. Bado nimekasirika. Dada yako anasema hakuna haraka.

Mwaka huu sirudi shule. Nachoka nikipanda ngazi tatu za nyumbani. Kuna siku najisikia vizuri mpaka saa sita na baada ya hapo inarudi, ile hali ya kuchoka kuwepo. Tofauti ni kwamba sasa nasema, "Mama, imerudi," na yeye anazima cherehani na kuja kukaa. Anakaa tu. Wakati mwingine anamtaja baba, mara nyingi ni yale mambo ya mende.

Lile gauni lenye michirizi linanitazama kutoka ukutani. Jana nilijaribu kulivaa mama akiwa nje. Lilinizunguka kama shuka. Nikalirudisha kwenye msumari kabla hajaingia, maana najua angechukua pini.

Jambo ninalotaka kukuambia ni la viatu, kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza. Jumamosi nilivipeleka kwa yule fundi. Safari hii nilipita mbele, mlangoni. Akanipa kigoda nikae, kile cha baba, mguu mmoja bado umefungwa kwa waya. Akakichukua kiatu cha kulia akakitazama, akaniuliza nani alikitia soli hii. Nikamwambia. Akasema itabidi aing'oe yote. Nilitaka kumwambia basi, nirudishie, lakini nikamwachia.

Alipoanza kupiga nyundo, nilianza kumsimulia. Sijui kwa nini. Nilimsimulia habari za wodini, za kuku wa jirani, za mama na futi yake. Alikuwa na misumari mdomoni. Nikangoja "ehe" kila alipopiga, haikuja. Nililia pale kwenye kigoda mpaka akamaliza, naye hakuniambia ninyamaze.

Hakushona kama baba. Uzi ni mnene na rangi haifanani. Leo mvua imenyesha nikatoka navyo hadi barabarani na kurudi, na soksi ni kavu.

Chiriku